Sadaka na Upatanisho: Makanisa na Gharama za Amani katika Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Historia ya vita vya mashariki ya Kongo imeandikwa na wengi. Historia ya gharama za kutafuta amani, yaani ya nani alilipa, alilipa nini na kwa masharti gani, imeandikwa kwa uchache sana. Makala haya yanakusudia kuchunguza upande huo wa pili kwa kuangalia makanisa ya wilaya ya Fizi, katika jimbo la Kivu ya Kusini, na hasa yale ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako ndiko uliko mji wa Baraka.

Fizi ina sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Mwambao wake ni wa wavuvi, wakulima wa muhogo na wafanyabiashara. Kuelekea magharibi ardhi hupanda hadi nyanda za juu za Minembwe na Itombwe, ambako ufugaji wa ng'ombe ndio shughuli kuu. Wabembe ndio wengi wilayani, na pamoja nao wamo Wanyamulenge, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyindu, Wabwari na wengineo. Karibu wote hao hukutana katika lugha ya Kiswahili: sokoni, shuleni na, juu ya yote, kanisani.

Hoja ya makala haya ni kwamba fedha ya mbali imefungua milango mingi ya upatanisho katika Fizi, lakini haijaweza peke yake kuiacha wazi. Mahali ambapo mapatano yamepata nguvu, kwa kawaida washarika wa pande zote mbili walikuwa wametoa kitu chao wenyewe: chakula, malazi, siku za kazi, au heshima ya jina lao. Kwa hiyo swali la msingi si kiasi gani kimetolewa. Swali ni nani ametoa pamoja na nani.

2. Msamiati wa kutoa na wa kupatana

Yafaa kuanza na maneno, kwa kuwa yamebeba historia yake. Maneno mawili makuu ya utoaji wa kanisa, sadaka na zaka, yana asili ya Kiarabu na yalifika bara pamoja na misafara ya biashara kabla ya wamisionari. Jina la Baraka lenyewe ni la asili hiyohiyo. Amani nalo ni neno lililopita njia hiyo. Makanisa ya Tanganyika, kwa hiyo, yalipoanza kuhubiri utoaji na amani, yaliazima msamiati ambao Waislamu wa mwambao walikuwa wakiutumia tayari, na mpaka leo jirani Mwislamu wa Baraka huelewa bila kufafanuliwa mchungaji anapotangaza sadaka ya amani.

Pembeni mwa maneno hayo yapo ya Kibantu. Toleo limetokana na kutoa. Mchango umetokana na kuchanga, kitendo ambacho kwa maana yake hakifanywi na mtu mmoja. Sadaka yaweza kutolewa kwa siri. Mchango huhitaji wenzi. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu atoaye sadaka hutazamia kwa Mungu, ilhali achangaye hutazamana na wachangaji wenzake na ana haki ya kuuliza fedha imekwenda wapi.

Kadhalika, mnyambuliko wa kitenzi pata unafundisha jambo. Kutokana na pata hupatikana patana, kwa kiambishi cha kutendana. Na kutokana na patana hupatikana patanisha, kwa kiambishi cha kusababisha. Mpatanishi, kwa umbo la neno lenyewe, ni mtu anayesababisha wengine wafanyiane jambo. Hawezi kulifanya kwa niaba yao. Historia inayosimuliwa hapa chini yaweza kusomwa kama historia ya wapatanishi waliolizingatia umbo hilo na wale waliolisahau.

3. Kibanga: fedha ya ng'ambo na mji wa waliokombolewa

Kanisa la kwanza kutumia fedha kwa ajili ya usalama wa watu katika eneo la Fizi ya leo lilikuwa la Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Wamisionari hao walifika Ujiji mwaka 1879, wakavuka ziwa na kuweka kituo Masanze mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883, karibu na rasi ya Ubwari. Kibanga kilipewa pia jina la Lavigerieville.

Wakati huo kaskazini ya ziwa ilikuwa chini ya mkono wa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, na biashara ya watumwa ilikuwa imevuruga vijiji vingi. Wamisionari walinunua mateka, wengi wao wakiwa watoto, na kuwaweka katika kijiji kilichozunguka kanisa. Fedha za ukombozi huo zilichangwa na waumini wa Ulaya. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa. Na mwaka 1890 Papa Leo wa 13 aliagiza kwamba kila mwaka, katika sikukuu ya Epifania, sadaka ya makanisa yote ya Katoliki ikusanywe kwa ajili hiyo. Hivyo mshamba wa Ufaransa au Ubelgiji aliweza kuchangia uhuru wa mtoto wa Tanganyika bila kumjua kamwe.

Jambo hilo lilikuwa jema kwa waliokombolewa, na hakuna haja ya kulipunguzia sifa. Hata hivyo lilikuwa na kasoro mbili ambazo zitaonekana tena na tena. Kwanza, fedha ilikwenda kwa wamisionari, nao wakawa watawala wa kijiji. Waliokombolewa walikuwa wapokeaji, si wachangaji. Pili, amani ya Kibanga ilikuwa amani ya ndani ya ua. Haikuwa na mapatano na majirani waliobaki nje, na ilihitaji bunduki za kuilinda. Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliletwa ziwani kwa kazi hiyo ya ulinzi, naye akahamia Mpala, kusini zaidi, mwaka 1887. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Kibanga kiliachwa. Kituo kilichojengwa kwa fedha ya mbali kilitegemea uamuzi wa mbali, na uamuzi ulipobadilika, kikaisha.

4. Mwaka 1964 na kanisa lililobaki peke yake

Katika karne ya 20 makanisa yaliongezeka. Wapentekoste wa Sweden na wa Norway walianza kazi Kivu katika miaka ya 1920. Baadaye Wamethodisti Huru na Marafiki, wajulikanao pia kama Waquaker, waliingia mwambao kutoka upande wa Burundi. Jimbo Katoliki la Uvira liliundwa mwaka 1962, likihudumiwa hasa na Waksaveri kutoka Italia. Kwa wote hao utaratibu wa fedha ulikuwa ule ule: shule, zahanati na mishahara vilitegemea misioni, na sadaka ya Jumapili ilikuwa ishara ya utii zaidi kuliko nguzo ya bajeti.

Utaratibu huo ulivunjika kwa uasi wa Simba. Tarehe 28 Novemba 1964, Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku hiyohiyo Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, padre Mkongo, waliuawa Fizi. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Wamisionari waliosalia waliondoka, na misitu ya Fizi ikawa makao ya waasi kwa miaka mingi. Ernesto Che Guevara alikaa huko na wapiganaji wake wa Kuba kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, na Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama chake cha PRP huko mwaka 1967.

Ni katika miaka hiyo ndipo mfarakano wa Wabembe na Wanyamulenge ulipopata sura ya kijeshi, kwa kuwa wengi wa Wabembe waliwaunga mkono waasi, na Wanyamulenge, baada ya ng'ombe wao kuchukuliwa na waasi, wengi wakaegemea jeshi la serikali. Na ni katika miaka hiyohiyo ndipo kanisa la Fizi lilipojifunza kuishi bila misioni. Makatekista na wainjilisti walihubiri bila mshahara. Nyumba ya ibada ilijengwa kwa miti na nyasi za washarika. Mhubiri alilimiwa shamba. Mgeni alipangishiwa zamu ya kula, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Sheria ya Desemba 1971, iliyoyalazimisha makanisa yote ya Kiprotestanti kuwa jumuiya ndani ya Kanisa la Kristo katika Zaire, iliyapa uongozi wa kitaifa lakini haikuyapa fedha.

Umaskini huo uliacha urithi. Uchumi wa kanisa la Fizi, kabla ya fedha za miradi kuingia, ulikuwa uchumi wa zamu na wa mikono. Ulishabihiana kwa mengi na lubunga, banda la wanaume wa Kibembe ambamo mashauri ya kijiji huzungumzwa: anayeshauri hulishwa na wanaoshauriwa, na hakuna anayelipwa kwa kuketi.

5. Vita vya 1996 hadi 2003: jumuiya moja, sharika mbili

Vita vya mwaka 1996 viliyakuta makanisa katika hali ya kutatanisha. Katika uongozi, jumuiya moja ya Kiprotestanti iliweza kuwa na Wabembe na Wanyamulenge chini ya katiba moja. Katika maisha ya kila Jumapili, usharika ulifuata kijiji, na kijiji kilifuata kabila. Waumini waliimba nyimbo zilezile za Kiswahili katika nyumba mbili ambazo hazikutembeleana.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003 imeorodhesha maafa ya pande zote. Wanyamulenge waliuawa Lueba mnamo Septemba 1996. Raia wa Makobola, wengi wao Wabembe, waliuawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Majina haya mawili hutajwa Fizi mpaka leo, na mara nyingi anayelitaja moja hulinyamazia la pili. Kazi ya kwanza ya mpatanishi katika wilaya hii imekuwa kuwafanya watu wayasikie yote mawili katika chumba kimoja.

Maelfu ya watu walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 na kupokea hasa watu wa Kivu ya Kusini. Lugufu ikafuata mwaka 1997. Kambini makanisa yalipangika upya bila jengo wala akaunti. Wakati wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mnamo Oktoba 2005, walirudi na Kiswahili kilichonolewa Tanzania, na pia na mazoea ya kuchangia: kikundi cha maziko, kikundi cha wagonjwa, kikundi cha wajane.

Urejeo huo ulileta migogoro mipya. Mashamba yalikuwa yamekaliwa na wengine. Aliyebaki alimwona aliyerudi kuwa mtoro, na aliyerudi alimwona aliyebaki kuwa mnyang'anyi. Mabishano mengi yalifikishwa kwa mchungaji au katekista kabla ya kufika kwa chifu au mahakamani, kwa sababu ambayo ni ya kifedha kabisa: kwa mchungaji hakulipwi ada ya kufungua kesi.

6. Njia tatu za kugharimia upatanisho

Tangu mwisho wa vita hivyo njia tatu za kugharimia kazi ya amani zimeonekana katika Fizi. Inafaa kuzieleza moja moja, kisha kuzilinganisha.

Njia ya kwanza ni ile ya usharika kwa usharika. Mfano wake ulio wazi ni wa Marafiki. Kanisa hili, ambalo lilitangaza kukataa vita vyote huko Uingereza mwaka 1660, lilifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Arthur Chilson, mmoja wa waasisi wa Kaimosi, ndiye aliyeanzisha misioni ya Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Na kutoka Burundi imani hiyo ilivuka hadi mwambao wa Fizi kwa kazi ya Waafrika wenyewe. Jumuiya yao ya Kongo, CEEACO, ina hospitali Abeka, kando ya ziwa. Marafiki wa Uingereza, kupitia chama kiitwacho Quaker Congo Partnership, wameisaidia hospitali hiyo, maji safi, mikopo midogo ya akina mama na ushauri kwa waliojeruhiwa rohoni na vita. Fedha hiyo hukusanywa kidogokidogo na mikutano ya ibada ya Uingereza.

Kutoka mkondo huohuo zilikuja semina za kuponya majeraha ya vita. Semina hizo, zijulikanazo kwa kifupi HROC, zilibuniwa na Marafiki wa Rwanda na Burundi mwaka 2003, wakisaidiwa na African Great Lakes Initiative, mpango ulioanzishwa mwaka 1998 na kuongozwa kwa miaka mingi na David Zarembka, Mmarekani aliyeishi magharibi ya Kenya hadi kifo chake mwaka 2021. Kutoka nchi hizo mbili ziliingia pia mashariki ya Kongo. Taratibu zake ni nyepesi: watu wapatao 20, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, hukaa pamoja siku tatu. Huongea juu ya msiba, hasira na uaminifu. Hula chungu kimoja. Mahitaji yake ni chumba, unga, ndagala, chai, nauli na wawezeshaji wawili au watatu. Chumba, kwa kawaida, ni kanisa lenyewe. Kwa hiyo hata pale fedha ya ng'ambo inapolipa nauli, usharika wa mahali hutoa jengo, kuni, maji na mikono ya wapishi. Na wapishi hao, kwa kuwa husikia yote yanayosemwa, nao huponywa.

Njia ya pili ni ya taasisi. Life and Peace Institute, iliyoundwa Uppsala mwaka 1985 na makanisa ya Sweden, ilifanya kazi Kivu ya Kusini pamoja na mashirika ya Kikongo: RIO, lililo chini ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ADEPAE, na Arche d'Alliance. Fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka katika hazina ya umma ya Sweden, ingawa mzizi wake ni wa kanisa. Mwaka 2011 mashirika hayo yalitoa utafiti juu ya migogoro ya Fizi na Uvira, ambao ulionyesha kwamba makundi yenye silaha yamejikita katika mizozo ya ardhi, ya madaraka ya kimila na ya malisho. Kamati za mashauriano baina ya jamii ziliundwa, zikiwa na wajumbe wa makabila yote, ili kushughulikia mambo kama safari za ng'ombe.

Suala hili la ng'ombe linastahili maelezo, maana ndipo gharama ya amani huhesabika kwa urahisi. Wakati wa kiangazi wafugaji wa nyanda za juu huteremsha mifugo hadi Lulenge na Ngandja. Kimila mfugaji alitoa itulo, yaani ushuru wa malisho kwa mwenye ardhi. Vita vilipovunja mapatano hayo, wenye bunduki walianza kuutoza ushuru huo badala ya machifu. Ng'ombe waliibwa, mihogo ikaliwa, na wizi mmoja ulitosha kuwasha vijiji kumi. Kamati zilipofanikiwa kuwakutanisha wafugaji na wakulima, zilikubaliana juu ya njia za mifugo, kiasi cha itulo na fidia ya shamba lililoharibiwa. Haya ni mapatano yenye bei, na yalifanikiwa kadiri kila upande ulivyolipa sehemu yake.

Njia ya tatu ni ya vikapu vya ndani. Katika parokia za Katoliki kitengo cha chini kabisa huitwa shirika, yaani kundi la familia jirani zinazosali pamoja na kusaidiana. Tume ya Haki na Amani ya jimbo la Uvira hupata wajumbe wake wa vijijini kutoka katika mashirika hayo. Miongoni mwa Waprotestanti kazi kama hiyo hufanywa na chama cha akina mama. Pembeni mwa vyote hivyo yameenea makundi ya akiba yaitwayo MUSO, ambayo huweka fedha katika masanduku matatu: la kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama, jekundu ni la misiba na magonjwa, na la buluu ni la fedha inayotoka nje. Sheria kuu ni kwamba masanduku hayo hayachanganywi.

Hekima ya masanduku hayo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kundi lenye sanduku la buluu tupu bado ni kundi; kundi lenye sanduku la kijani tupu limekwisha, hata la buluu likijaa. Na pale ambapo Mbembe na Mnyamulenge, au mwenyeji na mkimbizi wa Burundi aliyewekwa Lusenda tangu 2015, wameweka akiba katika sanduku moja la kijani, hakuna semina inayohitajika kuwaeleza kwamba usalama wa mmoja ni faida ya mwingine.

7. Upande wa pili wa mchango

Itakuwa si haki kuishia kwenye sifa. Kasoro tatu zinapaswa kutajwa.

Ya kwanza ni posho. Fedha ya miradi ilizoeza watu kulipwa kwa kuhudhuria mkutano. Mjumbe aliyekuja kwa miguu mwaka wa kwanza bila kudai kitu aliuliza posho mwaka wa pili, na mradi ulipoisha hakuja tena. Hakuna sababu ya kumlaumu mtu maskini kwa kutaka malipo ya siku aliyoacha shamba lake. Lakini athari yake katika utamaduni wa zamu na wa lubunga ilikuwa nzito: kuketi kwa ajili ya amani kuligeuka kibarua, na kibarua hukoma mwajiri akiondoka.

Ya pili ni utegemezi wa njia moja. Mapema mwaka 2025 miji ya Goma na Bukavu ilitekwa na M23, na mabenki yake yakafungwa. Mwaka huohuo Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID. Kwa mashirika ya amani ambayo ofisi na akaunti zake zilikuwa Bukavu, pigo lilikuwa la papo hapo. Maaskofu Wakatoliki na Kanisa la Kristo katika Kongo walikuwa wameanza, Januari 2025, wito wao wa pamoja wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani ya Kongo na Maziwa Makuu. Lakini wito wa taifa huhitaji miguu ya kijiji ili ufike Fizi, na miguu hiyo hulishwa na sharika.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mkono uwezao kuchangia amani waweza pia kuchangia vita. Makundi yenye silaha ya kila upande katika Fizi na nyanda za juu yameishi kwa michango ya raia, mingine ya hiari na mingine ya kulazimishwa, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja pia fedha zinazotumwa kutoka ughaibuni. Wabembe wengi wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, kama walivyohamishiwa kabla yao Wanyamulenge walionusurika mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004. Huko wote wana makanisa yao, na huko pia hupitishwa kikapu kwa ajili ya nyumbani. Kikapu hicho hujenga shule na kuzika wafu. Lakini anayechanga akiwa mbali, akisikia habari za upande mmoja tu, hana njia ya kujua kama fedha yake itanunua daftari au risasi. Tangu mapigano ya nyanda za juu yalipopamba moto mwaka 2017, na hasa baada ya ubishi wa wilaya ya manispaa ya Minembwe mwaka 2020, swali hili limekuwa la haraka.

Hapa ndipo tofauti kati ya sadaka na mchango, iliyoelezwa katika sehemu ya pili, inapopata uzito wake. Sadaka iliyotolewa na kabila moja kwa ajili ya watu wake, hata ikiwa na nia safi, haina shahidi wa upande wa pili. Mchango uliotolewa na pande mbili katika sanduku moja hauwezi kununua silaha ya upande mmoja, kwa kuwa mtunza hazina ni wa hawa na wenye funguo ni wa wale. Ukaguzi wa aina hiyo hauhitaji mhasibu kutoka ng'ambo.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa, kutoka Kibanga hadi masanduku ya MUSO, inaonyesha hatua tatu. Fedha ya mbali iliyotangulia watu ilijenga ua na kuondoka nao. Kukosekana kwa fedha, baada ya 1964, kulizaa kanisa la zamu na mikono, maskini lakini lenye mizizi. Kurudi kwa fedha ya mbali baada ya vita vya 1996 na 1998 kulileta mbinu nzuri, na pia posho. Kulifaulu pale tu kulipokuta jiko linalowaka tayari.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika Fizi methali hii ina maana ya kiutendaji. Mama wa Baraka apikiaye wageni kumi wa milimani katika jiko la kanisa ametoa kitu ambacho hakionekani katika ripoti yoyote ya mradi, na bila hicho hakuna hata mmoja kati ya wale kumi ambaye angelala usiku wa kwanza bila hofu. Watafiti wa lugha na wa historia wanayo kazi mbele yao: kukusanya, kwa Kiswahili cha wasemaji wenyewe, kumbukumbu za utoaji wa namna hii, maana haukuandikwa vitabuni na wazee waliouona wanapungua.

Kwa makanisa yenyewe, ya Fizi na ya ughaibuni, somo ni fupi zaidi. Umbo la kitenzi linaonyesha mpangilio wa kazi: patana hutangulia patanisha. Anayetaka kulipia upatanisho, awe Uppsala, London au Baraka, na aulize kwanza kama wale wanaopatanishwa wamepata nafasi ya kuchanga.